Tai ya Mzee wa Ghorofa ya Pili

Hata anaposhusha taka, mzee wa ghorofa ya pili hufunga tai. Alifundisha uchumi huko Ankara, kisha akawa waziri, na enzi hizo simu ya rais ilikuwa ikilia saa yoyote. Hapa Schaerbeek, ughaibuni, hulikaza fundo kwa vidole viwili, hubana kipande cha sukari kati ya meno, ndipo anywe chai. "Papa Waziri," humtania jirani yake, Maman Mathilde, "poubelle haiombi discours! Pipa la taka halitaki hotuba!" Naye hucheka bila sauti.

Juzi alimwita wasikilize pamoja redio ya Uturuki. Serikali mpya ilikuwa ikitangazwa, na marafiki walishamwambia ajiandae kurudi serikalini. Kituruki Maman Mathilde hakijui, kwa hiyo alitazama mikono ya mzee. Kila jina lilipotajwa, vidole vililikaza fundo, mpaka shingo ikawa nyekundu. Majina yakaisha, mzee akaizima redio.

"Bon, ni wewe?"

"Hapana. Wizara ya Uchumi wamempa mwingine."

"Pole, papa."

"Usinipe pole, maman. Wangeniita, nisingeweza kukataa."

Akaifungua tai, akashusha pumzi ndefu. Jioni alishusha taka kwa kandambili, shingo wazi, akipiga mluzi.