Kabureta Kubwa ya Mama Kulwa

Asubuhi ile ya kiangazi haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa mengi ya umri ule nimeshayasahau. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya pikipiki ya mteja, nakaza mnyororo, nikasikia toyo inakuja barabarani. Toyo unaijua, ile ya magurudumu matatu yenye karai la mizigo nyuma. Nikajua ni ya Mama Kulwa kabla sijainua kichwa, maana ilikuwa inakohoa, inasita, inakohoa tena.

Siku hizo nilikuwa fundi kwenye gereji ya Mzee Maduhu, kwenye senta yetu huku upande wa Geita, chini ya mlima wenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba nikaingia kwenye ufundi moja kwa moja. Mikono ilikuwa imezoea kazi, ila mdomo ulikuwa mzito. Mteja akiniuliza jambo, nilimjibu nikitazama spana. Mzee Maduhu mwenyewe alikuwa mtu wa Maganzo. Kule alianza kwa kutengeneza pampu za maji za wachekechaji wa almasi, akahamia huku pikipiki zilipoanza kuwa nyingi. Hakuwa na haraka na jambo lolote. Hata chai aliiacha ipoe kwanza.

Mama Kulwa alikuwa mjane mwenye mapacha wadogo. Mumewe alipofariki alimwachia ile toyo, na watu wakadhani ataiuza. Hakuiuza. Alimwomba kaka yake amfundishe kuendesha kwenye uwanja wa mnada, siku ambazo hakuna mnada, kisha akapanda nayo mlimani. Kazi yake ilikuwa kubeba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara hadi kwenye karasha, ile mashine inayosaga mawe yawe unga ili dhahabu itafutwe humo. Wanaume wa toyo walimcheka mwanzoni. Baadaye walimzoea, wakaendelea kumcheka kwa mazoea.

"Shikamoo baba," alimwambia Mzee Maduhu.

"Marahaba. Kulwa na Doto hawajambo?"

Hawajambo, akasema, ila yeye hajambo nusu. Toyo imeishiwa nguvu. Ikiwa na mzigo inafika kwenye kona ya mlima inazimika, na aliye nyuma yake anasubiri, na aliye nyuma ya huyo anasubiri, na karasha linakaa bila mawe. Msimamizi wa karasha alikuwa amemwambia kwa upole lakini mbele ya watu kwamba akizimika tena kwenye kona baada ya Jumapili, njia ile atapewa kijana mwenye pawatila, lile trekta dogo la mkono linalovuta tela. Mama Kulwa hakuwa na kazi nyingine, wala shamba.

"Niwekee kabureta kubwa, baba," akasema. "Wenzangu wote wanazo. Wanasema hii yangu ina koo la kuku."

Nataka unielewe vizuri hapa, mwanangu. Kabureta ndiyo inayochanganya mafuta na hewa kabla havijaingia kwenye injini, na kipindi kile kubwa ilikuwa kama kiatu kipya. Madereva walizitoa kwenye injini kubwa wakazifunga kwenye ndogo, na sauti ikabadilika, na mtu akajiona amepata injini nyingine. Mzee Maduhu hakuzipenda. Lakini alimtazama yule mama, akaona uso wa mtu aliyekwisha kuamua, akaniambia niifunge.

Nikaifunga. Bomba la kuleta hewa kutoka kwenye boksi la chujio halikuenea, kwa hiyo tukaiwasha kwanza bila boksi ili tusikie. Ilinguruma vizuri mno. Watu waliokuwa wanakunywa kahawa ng'ambo ya barabara wakageuka. Mama Kulwa akacheka, nami nikacheka nikitazama chini. Kisha nikakata mpira wa ndani wa baiskeli, nikaufanya kiungo, nikarudisha boksi mahali pake, nikakaza. Hatukuiwasha tena kwa muda mrefu. Tulikuwa tumeshaisikia.

Gereji zetu zina desturi yake. Kifaa cha zamani kikishatolewa kinabaki kwa fundi, na mteja haulizi. Jioni ile ile dereva mmoja wa bodaboda, Bahati, alikuja analalamika kwamba kabureta yake inavuja. Mzee akampa ile ndogo ya Mama Kulwa, Bahati akaifunga mwenyewe, akaondoka anapiga mluzi.

Kesho yake, Jumamosi, Mama Kulwa alirudi akisukumwa na vijana wa mlimani. Safari hii toyo haikufika hata kwenye kona. Ilitoa moshi mweusi, ikazimika mwanzo wa mlima, viroba vikashushwa kimoja kimoja na kupakiwa kwenye toyo za wengine. Alisimama mlangoni amejifunga kitenge kiunoni, hakusema neno baya. Alisema tu kwamba Jumatatu ndiyo mwisho wake.

Mimi nilishika bisibisi. Mzee akaniambia niiweke chini. Akavuta kigoda, akamketisha Mama Kulwa, akaketi na yeye, akaanza kumuuliza mambo ambayo mimi niliyaona ya kupoteza wakati. Asubuhi unaamka unaifanyia nini? Mafuta unanunua wapi? Unapita na gia ya ngapi kwenye kona? Nani anaiosha? Yule mama alijibu yote kwa utulivu. Mafuta ni ya pale pale senta. Kuosha anaosha mwenyewe. Na akishaosha, akasema, anaifunga pua.

"Unaifunga pua vipi?" Mzee akauliza.

"Ni lile vumbi la karasha, baba. Sisi wenyewe kule tunajifunga kitambaa kibichi puani, la sivyo jioni unatema matope. Nikaona na yenyewe inavuta hewa ile ile. Nimechana kanga, naikunja, nailowesha maji, naiweka ndani ya boksi juu ya sponji. Kila asubuhi."

Nilifungua boksi. Kitambaa kilikuwemo, kimekunjwa vizuri kama nguo ya mtoto, kizito kwa maji na unga wa mawe uliokuwa umegeuka kuwa kama udongo wa kufinyangia. Injini ilikuwa inakunywa mafuta bila kupata hewa. Nilitoa plagi, ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Na sisi, juu ya shida hiyo, tulikuwa tumeiongezea mafuta mengine kwa ile kabureta kubwa.

Nilifikiri Mzee atamcheka au atamkaripia. Alikichukua kile kitambaa, akakikamua, akakianika juu ya tairi.

"Wewe hukukosea, mama," akasema. "Ulikuwa unaitunza. Sisi ndio hatukukuuliza." Kisha akanigeukia mimi. "Jana tuliijaribu ikiwa uchi, na karai tupu. Nani anapanda mlima hivyo?"

Nikaenda kutafuta sponji mpya rafuni.

Tukaweka sponji safi tuliyoilowesha oili kidogo na kuikamua, maana oili hushika vumbi na huacha hewa ipite. Kisha Mzee akataka tupakie. Tulijaza viroba vya mchanga, tukavipanga kwenye karai, mimi nikakaa juu, Mama Kulwa akaiendesha kwenye mwinuko ulio nyuma ya machinjio. Moshi ulikuwa umepungua, lakini ikiwa na mzigo na mwendo mdogo ilijikwaa, ikapiga chafya mfululizo, ikazimika. Mzee alinieleza pale pale njiani, amesimama mkono kiunoni. Injini ndogo inavuta hewa kidogo. Ukiipa kabureta yenye koo pana, hewa inapita polepole, inakosa nguvu ya kunyanyua mafuta. Kwenye barabara ya lami ukikimbia hutaona shida. Mlimani, gia ya kwanza, mzigo nyuma, utaiona. Yule mama alihitaji koo lake la kuku. Nalo lilikuwa kwenye pikipiki ya Bahati.

Basi tukaenda kijiweni kwa miguu, mimi na Mzee. Madereva walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao kwenye kivuli cha kibanda cha vocha. Mzee alivua kofia, akawasalimia wote, akamweleza Bahati kwamba amekuja kuomba ile kabureta irudi.

"Mzee wangu," Bahati akasema, "kitu ukishampa mtu unakirudia? Kesho utanidai na chai uliyoninunulia juzi." Wenzake wakacheka.

Mzee hakukasirika. Akasema kwa sauti ya kawaida, wote wakisikia, "Nilikosea. Nilikupa kitu cha mtu kabla mwenyewe hajaridhika."

Mwanangu, nilikuwa sijawahi kumsikia mtu mwenye mvi akisema hivyo mbele ya vijana. Nilisubiri waanze kumdharau. Hawakumdharau, ila Bahati naye alikuwa na haki yake. Alisema abiria wake wa Jumamosi ndio chakula cha wiki, na kabureta yake ya zamani inavuja kama mtoto mwenye mafua. Akawasha pikipiki aondoke. Mzee akanitazama. Hakuniambia niseme kitu, alinitazama tu, na mimi nikaona kwamba nikinyamaza, mambo yanaishia hapo.

"Kaka Bahati," nikasema.

"Kumbe fundi bubu anaongea!" mmoja akadakia.

"Mwacheni aseme," mwingine akasema, "asije akanyamaza tena mpaka Krismasi."

Lakini nilikuwa nimeshaanza. Nikamwambia Bahati kwamba kabureta yake inavuja kwa sababu sindano ya boya imelika, haizibi mafuta kwenye kibakuli, na kwamba sindano mpya ninayo gereji.

"Lete kabureta yako ya zamani," nikasema, "naitengeneza hapa hapa, mbele yako. Ikivuja, hii nyingine inabaki kwako. Mama Kulwa Jumatatu anapoteza njia."

Bahati alizima pikipiki. Alitazama tangi, akatazama wenzake.

"Haya," akasema. "Ila abiria akija kabla hujamaliza, unambeba wewe mgongoni."

Nilikimbilia sindano gereji, Bahati akaitoa kabureta yake ya zamani chini ya kiti, nikafanya kazi ile nimezungukwa na midomo yao yote, kila mmoja anajua zaidi. Nilipoifunga kwenye pikipiki yake na kufungua mafuta, tukainama pamoja kutazama chini ya kibakuli. Palikuwa pakavu. Tukakaa kidogo, bado pakavu. Bahati mwenyewe ndiye aliyenipa ile ndogo mkononi, akaifuta kwanza kwa shati lake.

Kabla jua halijashuka tulikuwa tumeirudisha kwenye toyo, na boksi limefungwa, na viroba vya mchanga vimepakiwa, na safari hii Mzee Maduhu mwenyewe akapanda juu ya viroba ameshika kofia. Ule mwinuko wa machinjio uliisha kabla hatujajua.

Jumatatu Mzee aliniambia nipande na Mama Kulwa, nikaione toyo ikifanya kazi mahali inapoishi. Nilikaa pembeni yake juu ya bati linalofunika gurudumu. Kwenye kona alisimama msimamizi, na kando yake yule kijana wa pawatila, injini yake inaunguruma, amejiandaa. Mama Kulwa hakuwatazama. Aliweka gia ya kwanza mapema, kabla ya kona, akaacha injini ipande kwa mwendo wake. Ilipanda polepole, sauti ndogo, haikukohoa. Tulipowapita nilisikia pawatila ikizimwa. Msimamizi alituita kwa nyuma, akamwambia mama ashushe arudi haraka, mawe ni mengi. Yule mama aliitikia "ndiyo kaka" bila kugeuka, na machozi yalikuwa yanampitia kwenye vumbi la mashavu, naye anaendelea kushika usukani kwa mikono miwili.

Kwa hiyo sikia, mwanangu, wewe unayeanza kushika spana leo. Watakuja watu wakitaka kabureta kubwa, au ya aina fulani waliyoiona kwa mwenzao, au waliyoiona kwenye simu. Usiwadharau, na usikimbilie kufungua. Kaa nao kwanza. Waulize wanabeba nini, wanapita wapi, vumbi lao likoje, na wao wenyewe wanafanyia nini chombo chao wasipoonwa na mtu. Wanajua mambo ambayo injini haitakwambia. Tazama plagi, tazama hewa inakoingia, ndipo uanze kuisingizia kabureta. Ukilazimika kubadilisha, chagua inayolingana na injini na kazi yake, si inayovutia kwa sauti. Na ukiijaribu, ijaribu imefungwa yote na ina mzigo.

Kifaa cha zamani kiweke. Kiandikie jina la mwenyewe, kikae rafuni mpaka arudi na kukwambia kwa mdomo wake kwamba ameridhika. Desturi ya gereji isikupe ruhusa ya kugawa cha mtu.

Na kama wewe ni mtu wa aibu kama nilivyokuwa, na mpaka leo bado ninayo kidogo, Mungu hakukosea kukuumba hivyo. Mtu mkimya anasikia mengi. Lakini pakifika mahali ambapo maneno yako machache yanaweza kumwokolea mwenzako kazi yake, yaseme, hata kama watacheka. Wakishacheka watakusikiliza. Na ukikosea, sema umekosea mapema, ukiwa umesimama mbele yao.

Mungu akupe mikono yenye utulivu na sikio la kusikiliza watu kabla ya mashine. Chochote utakachokifunga kipande mlima na kirudi salama na mwenye nacho. Wanao wale jasho lako bila kuona haya, na uzeeke kwenye senta ambayo watu wake wakikutana nawe njiani watasimama kukusalimia.