Dawa Iliyofika Lupiro

Kazi yangu hapa Ifakara ni kukuza seli za ngozi maabarani, na kilichonipa kiburi mwaka huu ni minyororo ya sukari inayoota juu ya seli. Si sukari ya chai. Protini inayoamuru ukuaji ikifika, minyororo hiyo huidaka na kuisogeza kwenye kipokezi, ndipo seli inapoitika. Nikiinyoa kwa kimeng'enya, hata nimwage protini kiasi gani, seli karibu zote hunyamaza. Wageni waliotembelea maabara niliwaambia ni kama mshenga: posa inaweza kuwa nono, lakini asipokuwepo wa kuifikisha, ukweni hakuna anayeisikia. Walicheka, nami nikajiona mjuzi.

Siku hizo hizo mama alijikata mguu kwa mundu akivuna mpunga Lupiro. Alinipigia simu.

"Kidonda hakifungi, mwanangu. Ungekuja ukione."

Nilikuwa na seli za kulisha. Nikanunua dawa na bandeji, nikampa mtu wa bodaboda, na jioni akanijulisha kwamba mzigo umefika. Nikalala vizuri. Aibu yangu iko hapo hasa, kwamba nililala vizuri.

Nilipokwenda hatimaye, harufu ilinipokea kabla sijavua viatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja."

Nikauliza dawa iko wapi. Akanielekeza kwenye sanduku. Kifurushi kilikuwa chini ya kanga zake mpya, hakijafunguliwa. Nyumbani kwetu mzigo uliotumwa hufunguliwa akiwepo aliyeutuma. Baba alipokuwa akitutumia vitu kutoka kwenye mashamba ya miwa ya Kidatu, tuliviangalia tu mpaka arudi. Nililijua hilo tangu utoto, na bado nikatuma.

Hospitali walimkata kidole gumba cha mguu huo, kilichokuwa kimeoza. Hakunilaumu, na heri angenigombeza.

Juzi nilimpelekea zawadi, safari hii kwa mkono wangu. Aliipokea kwa mikono miwili, akanitazama.

"Umekuja mwenyewe, basi nafungua."

Zilikuwa ndala nzuri, nyekundu. Alijaribu moja, ikamtoka, akajaribu tena. Ndala hushikwa na kidole gumba, nami sikuwa nimelifikiria hilo dukani.

"Zitanifaa," alisema, akazirudisha taratibu kwenye mfuko.