Somo wa Mke Wangu Hakuwa Mpole

Katika jumuiya yetu ya Kikristo hapa Ukonga, mie ndiye ninayeandika maisha ya watakatifu. Sikukuu ya somo wa mtu ikifika, yaani mtakatifu ambaye mtu huyo alibatizwa kwa jina lake, tunasali nyumbani kwake, nami nasoma ukurasa mmoja. Aliyenitia hamu ya kazi hii ni mwandishi mmoja wa Konstantinopoli ya kale. Padri alinisimulia kwamba mwandishi huyo alikusanya habari za watakatifu zilizoandikwa ovyo, akaziandika upya kwa lugha safi. Nikamwiga. Mtakatifu aliyekasirika nilimtuliza, aliyefoka nikampunguza sauti.

Mwaka huu zamu ya mke wangu ikafika. Somo wake alimjua kwa bibi yake kule Masasi, wakichambua mbaazi. Bibi alisimulia kwamba hakimu aliyemhukumu yule binti mtakatifu kwa imani yake alimfokea, "Unajua mimi ni nani?" Naye akamjibu, "Kama mwenyewe hujijui, mie nitakujuaje?" Kwa ajili ya jibu hilo bibi alimpa mjukuu wake jina lile.

Asubuhi ya sikukuu nilimsomea mke wangu nilichoandika. Nilipofika "akamjibu hakimu kwa upole na unyenyekevu," aliacha kukuna nazi.

"Upole? Ameutoa wapi?"

"Mama, huyu ni mtakatifu."

"Ndiyo hana mdomo? Baba, mie umeninyamazisha mbele ya wageni wako miaka yote, nikavumilia. Somo wangu mwache aseme."

Alisema kweli. Wakubwa wa ofisini walipokuja kula kwetu, naye akaanza kuwatania, nilimkanyaga mguu chini ya meza. Nilidhani namlindia heshima. Kumbe walikuwa wakija kwa ajili ya utani wake, maana mie nilikuwa mtu wa kuchosha.

Nilikaa nikaandika upya. Jioni, barazani kwetu, nikalisoma jibu la binti kama bibi alivyolisema, ila kwa sauti ya tangazo la mkutano. Hakuna aliyecheka.

"Siyo hivyo!" Mke wangu akainuka mkekani, akashika kiuno, akamgeukia hakimu asiyeonekana na kumpa maneno yake yote. Akina mama wakaangua kicheko. "Mpe huyo!" mmoja akapiga kelele.

Mwenyekiti wa jumuiya akaniinamia. "Mzee, haya yamo kitabuni kweli?"

"Nyamaza kwanza," nikamwambia. "Hajamaliza."