Siku Tuliyolitoa Boya Kisimani

Mwanangu, kila nikikuona umeinamia laptopu, unaandika programu huku unapiga mluzi, nakumbuka siku moja ya masika kule Newala. Tulikuwa vijana, mimi na Hamisi, mwenzangu niliyesoma naye ufundi Masasi. Tulikwenda kufunga boksi la kuendesha pampu kwenye zahanati moja ya kijijini. Mimi nilishika nyaya, Hamisi akaandika programu ya kompyuta ndogo iliyomo ndani ya boksi.

Wewe umezaliwa bomba lipo, kwa hiyo acha nikueleze. Kule juu maji ni shida. Watu huvuna mvua ya mapaa na kuihifadhi kwenye kisima cha saruji chini ya ardhi. Kazi ya pampu ilikuwa kuyapandisha maji hayo hadi tenki la juu. Tuliweka maboya mawili, moja kisimani, jingine kwenye tenki. La tenki likipanda, maana yake tenki limejaa, pampu ipumzike. La kisima likishuka, maana yake maji yamekwisha, pampu izime. Isipozima itazunguka kavu mpaka iungue, na zahanati haikuwa na pampu nyingine. Akina mama waliokuja kujifungua wangerudia kufuata maji bondeni, na ule mteremko unaujua mwenyewe.

Tukawasha. Maji yakapanda, manesi wakapiga vigelegele, Hamisi akavimba kichwa. Nami nilivimba, nisikudanganye. Tulikuwa tunakusanya vifaa turudi Masasi alipofika Mzee Chilumba, aliyetufundisha kazi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mmeijaribu kisima kikiwa kikavu?"

Hamisi akacheka. "Masika haya, Mzee? Kimejaa mpaka mdomoni!"

"Basi mmejaribu nusu. Nusu nyingine mmewaachia hawa akina mama wazazi." Alikuwa na ulimi, yule mzee. "Litoeni boya majini, lining'inie."

Nikafunua mfuniko, nikalitoa. Pampu ikaendelea kunguruma. Hamisi akasema nyaya zangu ndizo mbovu, nikamjibu vibaya, tukaanza kubishana mbele ya wenyeji. Mzee akatukatiza.

"Nyamazeni! Hamisi, nisomee kwa sauti mstari wako wa boya la kisima. Usome kama mashine inavyoufanya, si kama ulivyotaka wewe."

Hamisi akasoma polepole, akafika katikati, akarudi mwanzo wa mstari. Alikusudia mashine ichague kwanza boya la kisima, ndipo ilinganishe jibu lake na alama ya kuwa maji yapo. Lakini mashine ina utaratibu wake: katika lugha ile kulinganisha kunatangulia, kuchagua kunafuata. Jibu la kulinganisha ndilo likaipeleka kwenye boya la tenki. Kisima hakikuwa kinaulizwa kabisa! Na kwa kuwa masika yale kisima kilikuwa kimejaa na tenki lilikuwa halijajaa bado, maboya yote mawili yaliruhusu pampu iwake, nasi tukadhani tumepatia. Hamisi akaufunga uchaguzi wake ndani ya mabano. Mabano tu, mwanangu. Nikalitoa boya tena, pampu ikazima. Nilikaa pale pale kwenye tope nikacheka peke yangu.

Kiangazi kilipokolea, simu ikaita. Alikuwa Mama Fadhili, nesi wa ile zahanati, naye alikuja juu kweli kweli.

"Nyie mafundi wa Masasi! Kisima kimekauka, na mashine yenu imegoma kuwaka!"

Hamisi akanikumbatia, tukarukaruka kando ya barabara, watu wakitushangaa. Mama Fadhili akazidi kufoka, "Mnacheka nini nyie?" Nikamwambia imegoma ili pampu isiungue, itawaka kisima kikipata maji. Lori la maji lilipomimina kisimani jioni ile, pampu ikawaka yenyewe, nzima.

Kwa hiyo, mwanangu, weka mabano hata pale unapoamini mashine imekuelewa. Na usiijaribu kazi yako siku ya neema peke yake. Itengenezee ukame kwa mikono yako mwenyewe, ungali upo, vifaa viko karibu. Akitokea mtu wa kukuuliza swali la kuudhi wakati unataka kuondoka, mpe kiti na umjibu. Mungu aibariki mikono yako, na watu wakikupigia simu kukulalamikia, yawe malalamiko kama yale ya Mama Fadhili.