Dumu la Mama wa Newala

Hasira haijanitoka. Mtaalamu wa mradi alituchukua sisi kamati ya maji ya kijiji, watu wa Newala, akatupeleka baharini Mtwara, eti tukizunguka visiwani kwa ngalawa ndogondogo tutajifunza kushirikiana. Tanga lenyewe hatujawahi kulishika.

Ngalawa yetu ikaanza kuingiza maji. Mama mmoja wa kamati akapewa kopo ayatoe. Akachota, kopo likabaki hewani.

"Baba, niyamimine wapi?"

Mtaalamu alicheka hadi akajishika mbavu. "Mwaga baharini, mama! Kwani hujawahi kumwaga maji?"

Hajawahi. Kwetu hata maji yaliyooshewa vyombo yana mwenyewe: mbuzi.

Tulipofika kisiwani, mtaalamu huyohuyo akafungua dumu la maji ya kunywa, ambalo yule mama alilibeba kutoka nyumbani, akaanza kujioshea mchanga miguuni. Mama akamshika mkono.

"Hayo nimeyapandisha kwa kichwa kutoka bondeni, baba."

"Nitakununulia ya chupa," akajibu, na huku anaendelea kumimina.

Juzi nimeikuta ripoti yake imebandikwa ofisi ya kijiji. Inasema tumefundishwa kutunza maji.