Mjerumani wa Sekei

Mzee Gerson alikuwa mweusi kama chungu cha makande, na ndege alizijua kwa kuzitazama zikipita juu ya Mlima Meru, lakini pale Sekei ukiuliza "kwa Mjerumani" unaonyeshwa mlango wake. Hata karakana yake ya useremala kule Levolosi, alikopigia randa vitanda na makabati kwa miaka arobaini, ilijulikana kwa jina hilohilo. Hakukasirika. Alinyoosha mgongo na kusema, "Mjerumani ndiye huyu. Mkitaka kitanda kisicholia, njooni."

Jina lilitoka kwa baba yake, Thomasi. Thomasi alifiwa na wazazi wote wawili katika mwaka wa ugonjwa, akachukuliwa na shangazi yake aliyekuwa mpishi kwenye shamba la kahawa la Mjerumani, upande wa Usa River. Alipopelekwa shule ya misheni, mwalimu alimwuliza, "Wewe ni wa nani?" Mtoto akajibu alivyojua, "Wa Bwana Köhler." Likaandikwa hivyo, akabatizwa hivyo, na watu wakalitamka walivyoweza, Kela. Bwana yule hakuwa mbaya kwake. Vita vya Hitler vilipoanza na Waingereza wakaja kumchukua, alimshika Thomasi bega akamwambia, "Tunza nyumba. Wewe ni wa kwetu." Nyumba Thomasi aliitunza mpaka walipoingia wenye shamba wengine. Neno lile alilitunza mpaka alipokufa.

Naye jina lile akampa mwanawe Gerson. Kwa Wameru jina la ukoo si pambo. Ukisikia mtu ana jina fulani, unajua ametoka kwa babu fulani, unajua binti yake haolewi kwa nani, unajua atalazwa kwenye migomba ipi siku Mungu akimwita. Kwa hiyo Gerson alijua kabisa, bila kufundishwa na yeyote, kwamba huko Ujerumani kuna babu mmoja aliyeitwa Köhler, kuna wajukuu zake, na wanajuana. Kilichobaki ni wao kumjua yeye tu.

Mwaka 1974 Thomasi alipofariki, wazee wa mlango wa Ndelilyo, ukoo aliozaliwa Thomasi, walishuka kutoka Akheri, wameshika majani ya isale kuomba amani. Walisema marehemu ni damu yao, walimwita mara tatu akiwa hai akakataa, sasa wanaomba wampeleke akalale na baba zake. Gerson alikuwa kijana wa miaka thelathini na miwili, ana nguvu na ana majivuno. Aliwajibu mbele ya waombolezaji wote, "Baba yangu ana kwao, na kwao si kwenu." Wazee wale waliyaweka majani chini, wakapanda mlima wao. Thomasi alizikwa pembeni ya shamba la zamani. Siku hizi pale pana nyumba za nailoni za kulimia maua, na kaburi halionekani tena.

Mke wa Gerson alipofariki, alizikwa kwa kaka zake kule Nkoaranga, kwa hisani. Mke aliyekaa na mume wake vizuri kurudishwa kuzikwa kwa kaka zake si jambo dogo. Watu hawakusema kitu, ila Gerson alisikia walichonyamazia.

Basi mwaka jana, baada ya masika, ini la mzee likaharibika. Daktari akamwambia binti yake wa mwisho, Marta, kwamba amrudishe nyumbani akapate kupumzika. Marta alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, anauza ndizi na mchicha soko la Kilombero. Aliacha meza yake kwa jirani, akahamia kwa baba yake.

"Marta," mzee alimwambia siku moja akimnywesha uji, "usinipeleke makaburi ya jiji."

"Baba, usiongee hayo, kunywa."

"Nakunywa na ninaongea, mdomo ni mmoja lakini unatosha. Mimi nimetengeneza majeneza ya watu waliopelekwa kule. Nimewasindikiza. Mchungaji akishamaliza, msema chochote, yule mwongoza shughuli, anaita, 'Neno la ukoo!' Na kunakuwa kimya. Unasikia watu wanakohoa tu. Nisizikwe kama mtu aliyeokotwa, mama. Hata barua moja itoke Ujerumani, isomwe hapo, inatosha."

Barua alikwisha kuandika tatu katika maisha yake. Alizielekeza kwa "Familia ya Köhler, Ujerumani", akazitia posta, akangoja.

Marta alikuwa mtu wa maombi. Alifunga Jumatano mbili, akamwambia Mungu kwamba yeye hajui Kijerumani wala hajui njia. Na Jumapili ya pili mchungaji akatangaza kwamba wageni wa ushirika rafiki kutoka Ujerumani wamefika. Miongoni mwao alikuwemo mama mmoja mzee, Ingrid, aliyewahi kufanya kazi ya uuguzi Tanzania ujanani na Kiswahili hakijamtoka. Marta alimfuata baada ya ibada, akapiga goti kidogo, akamweleza. Yule mama alikubali kuja Jumanne.

Jumanne ile Gerson aliomba avalishwe koti la harusi. Lilimpwaya kama limetundikwa kwenye kigingi. Akakaa kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe, cheti cha ubatizo cha baba yake kiko mapajani ndani ya mfuko wa plastiki.

"Karibu kwetu," alimwambia mgeni, na Marta akajua baba yake amelichagua neno hilo siku nyingi.

Mama Ingrid akasoma cheti, akakishika kwa mikono miwili. "Köhler," alilitamka, na mzee akafumba macho kwa kusikia linavyotamkwa na wenyewe.

"Unawajua?" aliuliza.

"Ninawajua wengi, baba. Daktari wangu wa meno ni Köhler. Mwalimu wa mjukuu wangu ni Köhler."

"Ni ndugu hao?"

"Hapana. Hawajuani."

Mzee akacheka kidogo, kama mtu anayemsamehe mgeni kwa kutokujua. "Watakuwa wamesahauliana. Babu yao ni mmoja."

Mama Ingrid akatoa simu yake, akatafuta, akavuta kiti karibu. Ilikuwa ramani ya nchi yao, imepakwa rangi mahali wanapokaa watu wa jina hilo. Hapakuwa na mahali peupe pa kutosha kuweka kidole. Katikati na mashariki, sehemu alizozitaja kuwa Thuringia na Saksonia, rangi ilikuwa imekolea kuliko kwingine.

"Ni maelfu na maelfu, baba. Sikiliza nikueleze. Zamani kwetu watu walipewa jina kwa kazi. Aliyesaga unga aliitwa Msagaji, yeye na watoto wake. Köhler ni mchoma mkaa. Aliyekaa msituni, akakata miti, akachoma mkaa wa kuwauzia wahunzi. Sasa kila penye msitu palikuwa na mchoma mkaa wake. Huyu hapa, huyu kule, hawana undugu wowote. Jina moja, lakini baba ni mamia."

Marta alimtazama baba yake. Kwanza aliona bega linatikisika, akadhani analia, kumbe anacheka.

"Mchoma mkaa!" alisema mzee. "Marta, umesikia? Wale tunaowafukuza msituni kwa mbwa! Nimetembea kifua mbele miaka themanini, kumbe mimi ni Mzee Mkaa!" Mama Ingrid naye akacheka kwa kupata nafuu. Wakacheka wote watatu, mpaka mzee akakohoa, Marta akamshika kifua. Alipotulia, aliuliza kwa sauti ndogo sana.

"Kwa hiyo barua zangu zilikwenda kwa nani?"

Mama Ingrid alimshika mkono, na macho yake yakajaa maji.

"Na lile neno, wewe ni wa kwetu?"

"Labda alilisema kwa moyo," mgeni alisema. "Labda alikuwa na hofu siku ile. Sijui, baba. Singependa kukudanganya."

"Hapana, usinidanganye. Nimechelewa kudanganywa."

Mgeni alipoondoka, mzee alikaa na koti lake mpaka jua likahamia ukuta wa pili. Kisha akasema, "Wale wazee walioweka majani chini. Yupo hata mmoja?"

Kesho yake Marta alipanda Akheri, kwa mshili wa mlango wa Ndelilyo. Mshili ndiye msimamizi wa ukoo. Siku hizi ni Nathanaeli, mzee wa kanisa pia, mwenye kahawa na ng'ombe wawili wa zizini. Marta alifika na majani ya isale na kibuyu cha maziwa mgando, akamkuta anapogoa migomba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Swali lilelile. Marta alilijua jibu lake. "Mimi ni Marta wa Gerson. Gerson wa Thomasi. Yule aliyelelewa kwa Mjerumani."

Nathanaeli akaliweka panga chini. "Siku baba yako anatujibu, mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimembebea baba yangu kiti. Tuliporudi, njia nzima baba hakusema neno. Akafa miaka mitatu baadaye, bado analisema hilo."

"Amenituma niombe msamaha. Anakufa, baba."

Mshili akayapokea majani. Hilo peke yake lilimfanya Marta ashushe pumzi. Lakini mzee akatikisa kichwa.

"Mama, msamaha upo. Sisi ni Wakristo. Kumlaza ndani ya migomba ni jambo jingine, hilo si langu mimi. Mtu aliyejitoa kwa kinywa chake anarudi kwa kinywa chake. Wazee wanne wamsikie akisema, mimi ni wenu, wanywe naye maziwa. Hatumchukui akiwa maiti mtu aliyetukataa akiwa hai. Kesho watoto wake wakija kusema tuliwaibia baba?"

"Hawezi kupanda mlima huu."

"Basi tutashuka sisi. Kama wale walivyoshuka." Akahesabu vidole. "Kesho nina kikao cha kanisa. Ijumaa mzee mmoja yuko kliniki ya sukari. Jumamosi tuna msiba. Jumapili haifai. Jumatatu. Mwambie Jumatatu, saa nne."

Marta alitamani kusema, baba, njooni leo. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini yeye ni mwanamke, ni mdogo, na ameomba amepewa. Angeanzaje kumpangia mshili siku? Akashukuru, akashuka.

Mzee Gerson aliposikia, alitaka afundishwe maneno. "Niseme nini nisikosee?"

"Useme, mimi ni wenu. Basi."

"Basi tu?" Akayajaribu, kwa Kiswahili, halafu kwa Kimeru, kwa sauti iliyopauka. Ijumaa aliyasema mara nyingi, kama mtoto anayejiandaa na Kipaimara. Marta akawa anamtania, "Baba, utayachosha kabla wenyewe hawajafika." Jumamosi aliyasema mara chache. Jumapili Marta hakwenda ibadani. Alimwimbia tenzi pale kitandani, naye akawa anasogeza midomo.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi Marta alimletea uji, akamkuta amelala ubavu, uso umeelekea mlangoni. Mkono ulikuwa umepoa.

Saa nne kamili wazee wanne walifika, kofia zimeshikwa mikononi, mmoja amebeba kibuyu. Walikuta viti vimetolewa nje na wanawake wanalia. Nathanaeli alisimama kizingitini. Marta alimwendea.

"Alikuwa anayasema, baba. Tangu Jumatano. Mimi ni shahidi."

"Nakuamini, mwanangu."

"Basi mchukueni."

Wazee walijitenga chini ya ukuta, wakaongea. Mmoja alikuwa anapunga mkono kwa nguvu, mwingine anainamisha kichwa. Marta aliomba kila Zaburi aliyoijua. Waliporudi, Nathanaeli hakumtazama usoni.

"Wawili tumekubali. Wawili wamesema hawakusikia. Jambo hili halipigiwi kura, mama. Likikosa mmoja, limekosa."

Gerson alizikwa Jumatano, makaburi ya jiji, kwenye mstari wa makaburi mapya yenye namba. Jeneza alikuwa amejitengenezea mwenyewe, la mbao za mkangazi, na halikulia hata lilipoteremshwa. Mchungaji alipomaliza, msema chochote akafungua karatasi yake, akaita alivyozoea kuita.

"Neno la ukoo."

Watu wakakohoa. Marta aliinamisha uso akaziba masikio kwa khanga, kwa maana hili ndilo ambalo baba yake alimwomba asilipate. Kwa hiyo hakumwona Nathanaeli alipotoka nyuma ya watu. Alishtuka kwa kusikia sauti yake tayari iko karibu na shimo.

"Sina cha kusoma," alisema mshili. "Mimi ni wa mlango wa Ndelilyo. Tuliambiwa huyu ndugu anatuita, nikasema Jumatatu. Nilikuwa na kikao. Ningeweza kukiacha kile kikao." Akalitazama jeneza. "Kaburi lake si hili. Kosa la kwanza ni lake, la mwisho ni langu. Sina jingine."

Akachota udongo kwa mkono, akawa wa kwanza kuutupa, kabla hata ya watoto, na hakuna aliyemzuia.

Jioni ile wanawake wawili walishuka kutoka Akheri, wake za wale wazee waliosema hawakusikia. Walikuja na mkungu wa ndizi na kuni kichwani, wakaingia jikoni kwa Marta bila kukaribishwa, wakaanza kumenya. Kwa Wameru ni wa ukoo peke yao wanaoingia jiko la msiba hivyo. Mmoja akamwuliza mwenzake, kwa Kimeru, sufuria kubwa ya Gerson wetu iko wapi.

Marta alikuwa hajalia tangu Jumatatu. Aliketi kwenye kile kiti alichokitengeneza baba yake, akalia kwa sauti mpaka wakaziacha ndizi zao wakaja kumshika, kwa sababu neno limefika, na aliyelingoja hayupo.