Mgonjwa wa Gasipari

Majani ya mikaratusi yakichemka hutoa harufu kali inayowasha macho, na nyumba ya shangazi yangu Dafroza kule Masaka, pembeni mwa Kigali, ilinuka hivyo likizo nzima, mwaka niliokuwa na umri wa miaka kumi. Shangazi aliugua mapafu. Baba, kaka yake, alinipeleka nikakae naye, nimfukize asubuhi na jioni, nimbadilishie shuka na kuchuma maharage kwenye kishamba chake nyuma ya nyumba. Mumewe, Gasipari, alikuwa na kazi kubwa zaidi: alikuwa mwigizaji. Sauti yake ilisikika kwenye michezo ya redio, uso wake ulikuwa umeanza kuonekana kwenye filamu, na sokoni Kicukiro akina mama waliacha kupima nyanya ili wamsalimie. Alipanga chumba Rebero, karibu na kikundi chake, eti asichelewe mazoezini. Kwa mkewe alifika Jumapili, akala, akasifiwa na majirani, akaondoka.

Kisha ghafla akaanza kuja kila siku mchana. Nilifurahi, kwa ujinga wa utoto nikadhani amekumbuka kuwa ana mke. Aliketi kwenye kigoda kando ya kitanda, miguu imekunjwa kama padri, lakini beseni la kufukizia hakuligusa. Alitazama tu. Alimuuliza shangazi akikohoa hushika wapi kwanza, na maumivu yanaanzia kifuani au mgongoni, na yule maskini akamjibu kwa utaratibu kama anayemjibu daktari, akidhani anaulizwa kwa upendo. Siku moja shangazi aliomba maji. Nilikuwa nimeshainua kikombe, Gasipari akanishika mkono.

“Ngoja kidogo,” akasema. “Acha aombe tena.”

Shangazi akaomba tena, kwa sauti iliyokatika katikati. Gasipari alitikisa kichwa taratibu, ameridhika, kama mtu aliyeonja mchuzi akakuta chumvi imekolea. Ndipo akaniachia mkono. Sikuelewa alichokuwa akikitafuta, ila tangu pale sikupenda tena kumwona mlangoni.

Shangazi alipona. Wiki chache baadaye Gasipari alituletea mwaliko wa igizo lake jipya, na baba akatupeleka kwenye ukumbi mmoja Kicukiro. Hadithi ilikuwa ya mume anayemuuguza mkewe. Pazia lilipofunguliwa, kitandani alilala msichana mrembo aliyevaa kitenge kama cha shangazi, akakohoa huku vidole viwili vikibonyeza chini ya ziwa la kushoto, kama shangazi. Akaomba maji. Akaomba tena, na sauti ikakatika pale pale katikati. Gasipari akapiga magoti, akamnywesha, machozi yakamtiririka, na ukumbi mzima ukalia naye. Mama aliyekaa karibu yetu alimnong'oneza shangazi kwamba mume wa namna hii humpati Kigali yote. Shangazi alijifunga vizuri kitenge chake, akainuka, akatoka. Tulipomfuata nje, alimwomba baba ampeleke nyumbani.

Jumapili Gasipari alikuta nguo zake zimekunjwa barazani. Alimwambia mkewe kwamba ile ilikuwa sanaa, kwamba amempa heshima isiyosahaulika. Alipoona hasikilizwi akapiga magoti, mkono mmoja kifuani, na machozi yakaja mara moja.

“Inuka, Gasipari,” shangazi akamwambia. “Hapa hakuna watu.”

Akainuka. Nilimwona akikung'uta vumbi kwenye suruali kabla hajafuta macho.

Leo Masaka imejaa nyumba mpya, na Gasipari ni mzee mwenye mvi nzuri anayeitwa gwiji. Mwezi uliopita alipewa tuzo, akahojiwa kwenye televisheni, nami nilikuwa sebuleni kwa shangazi tukitazama. Mtangazaji alimuuliza alijifunzia wapi kulia vile. Gasipari aliweka mkono mmoja kifuani, kisha akasimulia jinsi alivyomuuguza marehemu mke wake mpaka pumzi ya mwisho, mkono wake mkononi mwake. Mtangazaji akafuta machozi. Marehemu alikuwa kando yangu, miwani imemshuka puani, anachambua maharage kwenye ungo. Nilitaka kupiga simu kituoni, akanikataza. Wakati ule, alisema, ugonjwa wa mkewe ulimtosha Gasipari. Sasa amezeeka, anahitaji kitu kikubwa zaidi. Akamtazama tena hadi kipindi kikaisha.

“Lakini zamani alilia vizuri zaidi,” akasema, akaenda kuinjika maharage.